Mikato Mitatu ya Baba

Baba yangu alikuwa mhunzi, hapo Buhongwa, nyuma ya nyumba yetu, chini ya bati lililotobolewa na kutu. Alifua majembe na mapanga, lakini jina lake lilitokana na visu. Kila kisu alikipiga mikato mitatu midogo kwa tindo, karibu na mpini, na hiyo ndiyo ilikuwa alama yake. Akina mama wanaopasua sangara mwaloni, kwenye soko la samaki kando ya ziwa, hawakuanza na makali. Walipapasa ile mikato kwa kidole gumba kwanza, wakishaipata ndipo wanaanza kubishana bei.

Alama hiyo aliipata kwa baba yake, naye kwa baba yake. Kwetu hujipigii mwenyewe hata uwe fundi vipi. Aliyekufundisha ndiye anakupa, siku akiridhika na kazi yako: anashika tindo, anaipiga kwenye kisu chako cha siku hiyo, na kuanzia hapo ni yako. Mimi nilikuwa mtoto wake wa pekee. Nilivuta mvukuto tangu darasa la tatu, na kabla sijafika miaka ishirini na mbili nilikuwa nafua kisu asubuhi kinauzwa mchana. Lakini visu vyangu vilitoka vitupu. Nikimuuliza, ananiita mayu, mama, kama Wasukuma tunavyowaita binti zetu.

"Mayu, wewe utaolewa. Alama haiolewi."

Basi hapo nilikuwa nachemka! Hasira zangu ziko karibu, sikatai, mama alishazoea kunisikia nikibamiza masufuria.

Siku moja baba alikwenda Kisesa kwenye msiba, akalala huko siku mbili. Nikachukua tindo lake nikapiga ile mikato kwenye visu sita nilivyovifua mwenyewe. Na haraka haraka haina baraka: ndoo ya oili chafu ilikuwa imekauka, nami sikutaka kwenda gereji kuomba nyingine. Sisi tunafua springi za malori, na springi ikiwa ya moto huzimwa kwenye oili, haichovywi kwenye maji, inaingia ufa. Hilo nililijua kuliko jina langu. Nikavichovya kwenye maji. Cha sita kililia "ti", kidogo tu. Nikajiambia ni mkaa umepasuka, nikakitia mpini, vyote nikavipeleka mwaloni.

Baba aliporudi hakupumzika hata wiki. Walikuja ndugu wawili wa mama mmoja muuza samaki, wamebeba vipande vya kisu kwenye gazeti. Kilimkatikia kwenye kichwa cha sangara, kikamkata vidole viwili vya mkono wa kulia, na hospitali walisema havitakunjika tena. Baba akavishika vile vipande. Akaangalia palipokatika, akapitisha kidole gumba kwenye mikato. Alijua. Mhunzi anajua chuma kilichozimwa kwa maji.

"Kisu ni changu," akawaambia. "Alama si mnaiona? Nilikosea mimi. Nisameheni."

Nilikuwa nimesimama pale pale na koleo mkononi. Nikanyamaza.

Akina mama hawakurudi tena. Baba alifua majembe kidogo kidogo, kisha akaacha kabisa, akawa anashinda kibarazani. Hakunigombeza hata siku moja. Angenipiga ningeshukuru. Nilimsalimia shikamoo, akaitika marahaba, tukaishia hapo.

Nikahamia Mkuyuni, nikapanga kibanda. Nilifua visu visivyo na alama, vyote nikavichovya kwenye oili, na kila kimoja nilikidondosha juu ya jiwe mara tatu nisikilize mlio wake. Wateja walikuja taratibu. Miaka kumi na miwili nilikula kwa visu hivyo, sikuomba mtu.

Mwaka jana akaja mama mmoja kununua. Alichagua kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya kulia vilikuwa vimenyooka kama vijiti. Nikamwambia yote, na ya maji, na ya kunyamaza. Akasema, "Umechelewa, mwanangu." Lakini kisu alikinunua, na kumbe alikipeleka moja kwa moja hadi Buhongwa kwa baba.

Kesho yake asubuhi simu ikaita. Sauti ya baba ilikuwa imechoka.

"Mayu, njoo na kisu ambacho hujakitia mpini. Tindo nimelinoa."

Nilielewa papo hapo. Nusu ya umri wangu niliyasubiri maneno hayo, na yalipofika, Mungu anisamehe, kilichonipanda ni hasira. Miaka yote hiyo! Nikamwambia leo nina wateja, baba, nitakuja kesho. Sikuwa na mteja hata mmoja. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nakunywa chai, nikasema moyoni na yeye aonje kusubiri.

"Sawa, mayu," akasema. "Mimi nipo."

Mama aliniambia baadaye kwamba baba alipelekewa kiti chake pale kwenye fuawe, akakaa hadi jua linazama, tindo mapajani, akisema huenda wateja wakaisha mapema. Asubuhi niliondoka na kisu nimekifunga kwenye khanga. Nilikuta wanawake wamekaa chini uani, na mama katikati yao, kichwa wazi.

Baada ya mazishi baba mdogo alinikabidhi tindo. Akasema piga mwenyewe, mwanangu, nani atakuuliza. Nikalirudisha. Nilishajipigia mara moja.

Bado nafua. Wateja wapya hupapasa karibu na mpini, wanauliza, "Fundi, mbona visu vyako havina alama?" Nawaambia aliyetakiwa kuipiga alikuwa tayari, alikaa kutwa nzima ananingoja, mimi ndiye nilisema kesho.