Hapa Wapi?

Wanafunzi walimpachika jina la Mwalimu Hapa, naye akalipokea kwa mikono miwili. Alidhani wanamsifu. Hakuwahi kukosa kipindi, mvua inyeshe jua liwake. Hata siku jino lilipomvimbisha shavu alifundisha figo huku amelishikilia kwa leso. Kwa hiyo kila aliposikia watoto wakinong'onezana kwenye korido, "Mwalimu Hapa anakuja," alinyoosha shingo na kujiambia kwamba watoto wa siku hizi, pamoja na utundu wao wote, shukrani wanayo. Maskini wa watu, hakujua.

Alifundisha biolojia katika shule ya sekondari ya kutwa, darasa limefurika hadi wengine wanakalia kingo za madirisha. Msongamano huo ndio uliomtia wazo la video. Mtoto wa nyuma haoni ubao? Basi akalitazame somo nyumbani kwenye simu ya mama yake, alirudierudie mpaka limkolee. Mpiga picha alikuwa mumewe, fundi simu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, na mkewe pia, isipokuwa siku alizomkasirikia. Kila Jumamosi jiko lao liligeuka studio. Mchoro ulibandikwa kwenye mlango wa friji, simu ikaegemezwa kwenye kopo la unga, na Mwalimu akasimama kando ya mchoro, kidole juu, maneno yakimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Video ya figo ikapendwa, ya jani ikapendwa zaidi, na shule za jirani zikaanza kuziomba. Kichwa kikamvimba kidogo, tusifichane.

Ndipo binti wa kaka yake alipohamia kwao ili asome pale pale shuleni. Binti huyo hakuwa akiona. Macho aliyapoteza kwa ugonjwa akiwa bado mdogo, hata rangi hazikumbuki vizuri. Nyumbani walimwita Maswali, na jina lilimstahili. Ukimwambia chai imepoa atakuuliza joto limekwenda wapi. Alitaka kuwa mtaalamu wa viungo, kama yule mama wa hospitalini aliyemshika babu yake miguu wiki baada ya wiki mpaka mzee akatembea tena. Alilitaka jambo hilo kwa namna ambayo ukimsikia akilizungumzia, na wewe unajikuta unalitaka.

Ila njia ya kulifikia ilipita kwenye mchepuo wa sayansi, na mlangoni alisimama mwalimu wa taaluma. Hakuwa mtu mbaya. Alimwita Mwalimu ofisini, akamkaribisha kiti, akasema taratibu kwamba sayansi ni michoro mitupu na yeye hapendi kumtesa mtoto. Wakakubaliana hivi: binti afanye mtihani wa mdomo kuhusu moyo, tena asimamiwe na yeye mwenyewe, isije ikasemwa shangazi amempendelea. Akifaulu, anabaki kwenye sayansi. Akishindwa, anahamia masomo mengine, na suala hilo lisiletwe tena mezani. Mwalimu akatoka pale anatabasamu. Video ya moyo anayo, binti masikio anayo, kuna shida gani?

Jumamosi akamkalisha jikoni, akamwekea video, akasimama kusubiri sifa zake. Mwanzoni Maswali alisikiliza kwa makini, kichwa amekiinamisha kando. Kisha midomo ikaanza kumcheza. Kisha akacheka hadi machozi yakamtoka. Halafu akaipapasa simu na kuizima.

"Shangazi," akasema, "damu inatoka hapa, inaingia hapa, inapita hapa, inakwenda hapa. Hapa wapi?"

Fundi akageukia karai la vyombo, mabega yanamtikisika. Mkewe akamuuliza kinachomchekesha ni nini. Fundi akajikaza, akashindwa, akamuuliza yeye alidhani jina la Mwalimu Hapa limetokana na nini.

Aibu ilimshika Mwalimu hadi masikio yakamwaka. Alitoka hadi uani akaanza kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. Miaka yote hiyo alijivika jina kama nishani, kumbe watoto wanamcheka! Angeweza kununa mpaka jioni, na kununa alikujua vizuri, lakini kupitia dirishani alimsikia binti akimwambia Fundi, kwa sauti ndogo asiyoizoea kwake, kwamba labda mwalimu wa taaluma ana haki, labda ahamie tu huko kwingine. Sauti hiyo ilimchoma kuliko kicheko. Akaingia ndani na nguo zake mbichi begani, akaubandua mchoro kwenye friji, akaukunja mara nne na kuukalia.

"Tunaanza upya," akasema. "Na atakayenisikia nasema hapa, anigongee."

Kazi hiyo akapewa Fundi, naye akaipokea kwa furaha isiyofaa kwa mume wa mtu. Alishika kijiko mkono mmoja na mfuniko wa sufuria mkono wa pili. Mwalimu akavuta pumzi. "Moyo una vyumba vinne. Chumba cha kwanza kiko hapa..." Ting. "Damu inaingia pale juu..." Ting. "Halafu inashuka hivi..." Ting, na hapo wakabishana kama *hivi* ni kosa, mpaka Maswali akakata shauri kwamba ni kosa, maana yeye hajaona ni vipi. Mwalimu akaanza tena, akagongewa tena. Akakalia mikono yake yote miwili, na mara akagundua jambo la kutisha: bila mikono hakuwa na la kusema. Siku zote mkono ndio uliofundisha, mdomo ulikuwa ukisindikiza tu. Moyo aliujua kwa kidole. Akatazamana na mumewe, kijiko kinaning'inia.

Aliyewatoa hapo ni Maswali. Alisema shida ya shangazi ni kwamba anapoongea amesimama nje ya moyo anautazama. Yeye hawezi kusimama huko nje. Basi amwingize ndani, amtembeze.

 Mwalimu akainuka kwa kishindo hata kiti kikaanguka.

Sasa, uijue nyumba yao. Ilikuwa nyumba pacha: familia mbili chini ya paa moja, vyumba viwili kwao na viwili kwa jirani, ukiacha majiko, ukuta mmoja katikati usio na mlango wala tundu. Ukitaka kwenda kwa jirani huna budi utoke nje uzunguke. Mwalimu aliishi humo miaka na miaka, na hakuwahi kuona kwamba anaishi ndani ya moyo.

Akamshika binti mkono, wakatoka hadi mlango wa mbele, Fundi nyuma yao na simu inarekodi. Wewe ni tone la damu, akamwambia. Umezunguka mwili mzima, umechoka, hewa yako safi umeigawa yote. Unaingia sebuleni kwetu. Hiki ni chumba cha juu cha kulia. Kuna mlango mbele yako, nao unafunguka upande mmoja tu. Wakaupita, wakaingia chumba cha nyuma, na Mwalimu akaubamiza mlango mgongoni mwao. "Umesikia? Huwezi kurudi. Huo mlio ndio daktari anaousikia akikuwekea kipimo kifuani. Moyo haugongi, mwanangu. Unafunga milango."

Maswali alisimama mdomo wazi. Akaomba mlango ubamizwe tena. Ukabamizwa tena.

Kutoka chumba cha nyuma wakasukumana hadi uani, na huko, Mwalimu akatangaza, ndiko kwenye mapafu, basi kila mtu avute hewa. Wakavuta, wote watatu, kati ya kamba za nguo, mpaka vifua vikajaa. Kisha wakazunguka nyumba mbio na kuingia kwa jirani kwa mlango wa mbele bila hata kupiga hodi. Jirani, mama mshona nguo, alikuwa na pini mdomoni na gauni la harusi la mtu magotini. Akaambiwa asiogope, hii ni damu inapita. Akazitoa pini mdomoni, akauliza damu ya nani. Walipomweleza aliliweka gauni kando, akawafungulia mwenyewe mlango wa chumba cha nyuma, kisha akaubamiza kwa nguvu zake zote, na kuanzia hapo hakukubali kuachwa nyuma.

Chumba kile cha mwisho, Mwalimu akasema akihema, ndicho chenye ukuta mnene kuliko vyote, maana kutoka hapo damu inasukumwa hadi ncha ya kidole gumba cha mguu. Ting, Fundi akagonga, kwa sababu ya *hapo*. Hakuna aliyemjali. Walitoka mlango wa nyuma wa jirani kwa vifijo, wakazunguka, wakaanza upya, na safari ya tatu aliyeongoza na kueleza ni Maswali.

Wakiwa wamekaa barazani wanapumua, Fundi akaleta la kuleta. Mbona kwenye mchoro chumba cha kulia kimechorwa kushoto? Mwalimu akamjibu kwamba mtu wa kwenye mchoro anakutazama, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwako. Na akiwa bado anajibu, akajipiga paji la uso. Kila mwaka nusu ya darasa lake hugeuza kulia na kushoto kwenye mtihani, na kila mwaka yeye huwaita wavivu. Kumbe wamejifunza moyo wa karatasi. Maswali alikuwa ameshaweka kiganja kifuani, upande wa kushoto kidogo, bila wasiwasi wowote.

"Wa kwangu haujageuka," akasema.

Siku ya mtihani Mwalimu aliambiwa asubiri kwenye korido, nje ya ofisi. Akasubiri, lakini hakuna sheria inayomzuia mtu kusubiri karibu na dirisha lililo wazi. Aliogopa hasa. Aliomba kimoyomoyo maswali yawe mepesi, kisha akaona aibu kwa ombi hilo. Mwalimu wa taaluma alimwekea binti glasi ya maji, akamwambia asiwe na hofu. Halafu, kwa mazoea ya miaka mingi, akatandaza mchoro mezani na kuugusa kwa kalamu.

"Hapa panaitwaje?"

Kimya. Nje, Mwalimu alifumba macho. Alijua kimya hicho. Amekisababisha mwenyewe darasani maisha yake yote.

"Hapa wapi, mwalimu?" Maswali akauliza kwa upole.

Mwalimu wa taaluma akakohoa. Akasema hapa, yaani, chumba cha chini, kushoto.

"Kushoto kwa nani?"

"Kushoto kwa karatasi."

"Karatasi haina moyo, mwalimu. Weka mkono kifuani kwako."

Mwalimu akachungulia. Mwenzake alikuwa ameduwaa, kalamu hewani. Kisha akaiweka chini na kutii, na bila kuambiwa akafumba macho. Maswali akamuuliza kama anasikia mlango ukifungwa. Hapana, akajibu, hasikii. Basi asogee kushoto kwake kidogo. Akasogea. Uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeitwa kwa jina na asiyemtarajia.

"Nausikia," akasema.

"Sasa wewe ni tone la damu," Maswali akamwambia, "na umechoka sana." Akamchukua tangu mlango wa mbele, akampitisha kila chumba, akamvutisha hewa uani, akamwingiza upande wa pili na kumtoa kupitia ule ukuta mnene mpaka kwenye kidole gumba. Na kile chumba cha kwanza alichokigusa kwa kalamu, akamwambia, kikiwa kushoto kwa karatasi ni cha kulia kwa mwenye moyo, nacho ndicho kinachosukuma damu kwenda kwenye mapafu. Mwalimu wa taaluma alisikiliza hadi mwisho, mkono bado kifuani.

Alipotokea kwenye korido alimkuta mwenzake ameegemea ukuta analia waziwazi, hajali nani anaona. Akamwambia binti anabaki kwenye sayansi, tena afadhali abaki, maana yeye mwenyewe tangu utoto wake alikuwa akiugeuza moyo. Halafu akauliza hilo somo binti alilipata wapi, kama kuna video, iko wapi, anaitaka kwa shule nzima.

Mwalimu alifuta machozi kwa kiganja, akaichomoa simu mfukoni, akainyanyua juu kabisa kwa fahari.

"Hapa," akasema.

Kutoka ofisini, kupitia dirisha lililo wazi, kalamu ikagongwa kwenye glasi ya maji: ting.