Kanga Mbele ya Jopo

Wenzangu wakiaibika, wanaaibika mbele ya watu watatu wanne, yanaisha. Mimi niliaibika mbele ya jopo la wahadhiri, wanafunzi wenzangu wa nchi nzima na akina mama waliokuwa wanapeleka ndizi gulioni, tena kwa mkupuo mmoja, na ninasimulia mwenyewe kwa sababu nikinyamaza atasimulia mwalimu mwenzangu Fidelisi, na yule hutia chumvi mpaka mboga hailiki.

Mimi nafundisha shule ya msingi huku milimani, Matombo, na ninasoma masta ya elimu kwa njia ya mtandao, chuo ambacho sijawahi hata kuliona geti lake. Siku hiyo nilikuwa natetea andiko langu la utafiti kwa mara ya pili. Mara ya kwanza nilirudishwa, nikaambiwa wazi kwamba nikianguka tena narudia mwaka mzima, na shule yote walijua nasoma maana nilishajitangaza (mwalimu mkuu alikuwa ameanza kuniita Profesa, nami bila haya nilikuwa naitika).

Dada yangu anayekaa Morogoro mjini alinisihi, "Skola, shuka jana yake ulale kwangu, chumba kipo, mtandao upo." Nikakataa. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara yetu unaijua, na kusema kweli nilikuwa na uvivu, nikajisemea nitakwenda zangu Jiweni. Jiweni ni mwamba mkubwa juu ya misheni, ndipo pekee simu inaposhika vizuri. Chuo walishasema mtu awe kwenye chumba tulivu, basi kwenye skrini nikaweka nyuma yangu ile picha ya kabati la vitabu, na mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mwenye sauti ya upole ya kisista, aliponiuliza niko wapi nikamjibu, "Niko ofisini, mama."

Juu nilivaa shati jeupe na koti. Chini kanga, maana nani ataona miguu? Niliivuta kwenye kamba ya nguo bila kuisoma, nikaikunja kiunoni isiburute matope, kwa hiyo maandishi yakapanda yakakaa pale pale yasipotakiwa kukaa.

Nilichosahau ni kwamba ilikuwa Jumatano, siku ya gulio, na njia ya gulioni inapita Jiweni.

Nilianza vizuri. Hoja yangu kubwa ilikuwa kwamba wazazi wa vijijini hawana mwamko wa elimu, mkutano ukiitwa hawaji, na hilo neno mwamko nilikuwa nimelirudia kila ukurasa kama chumvi. Mara akapita Mama Tekla na mkungu wake kichwani. "Mwalimu, habari za asubuhi?" Huku kwetu salamu haiachwi hewani, nikazima kipaza sauti, nikamjibu, nikawasha. Wakaja wengine wawili, nikazima, nikawasha. Wakaja wanne, na hapo vidole vikachanganyikiwa, maana jopo nililihutubia dakika nzima kikiwa kimezimwa, halafu nikakiwasha na kuuliza kwa sauti kubwa, "Hizo za kupika au za kuivisha?"

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, "ofisini kwenu mnauza ndizi?"

Sijajibu, akatokea mjomba Gervasi. Sasa nieleweni, kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye ukoo, ukimsalimia umekaa habari itamfikia mama kabla hujafika nyumbani. Masta au si masta, nikasimama, nikageuka, nikapiga goti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Unaongea na nani peke yako kwenye jiwe?"

Nyuma yangu ile sauti ya kisista ikaanza kuisoma kanga polepole, neno kwa neno kama mtoto wa darasa la kwanza: "Sina... haja... ya kuuliza... nayajua... yote." Halafu ikaongeza, "Na huyu ndiye mtafiti wetu."

Walicheka, jamani! Mhadhiri mmoja alivua miwani akafuta machozi. Mimi nilitamani jiwe linimeze, nikaona mwaka wangu umekwenda hivyo hivyo.

"Usimfukuze huyo mzee," mwenyekiti akasema. "Shikamoo, mzee. Una watoto kwenye shule hiyo?"

"Marahaba. Wajukuu watatu."

"Mwalimu anaandika kwamba wazazi hamna mwamko, mikutanoni hamwendi. Amewahi kuwauliza kwa nini?"

Mjomba akanitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko kicheko. "Hajauliza. Mikutano anaiita Jumatano saa nne. Sisi tunapita na ndizi kichwani, tunamwona kasimama mlangoni anatungoja, nasi tunawahi gulio. Naye akadhani hatutaki."

Miaka tisa! Miaka tisa naita wazazi siku ya gulio, na jioni nanunua nyanya kwao huku nawalaumu moyoni.

Wakanipitisha kwa sharti moja: nilifute neno mwamko kote, mahali pake niweke swali. Niliapa siku hiyo hiyo kwamba sitadanganya tena nilipo, kila utetezi nitashuka kwa dada hata kama ni kwa miguu, na sitafunga kanga ambayo sijaisoma.

Jumatano iliyofuata nikarudi Jiweni na daftari, nikakaa njiani kuwangoja wazazi. Wa kwanza kupita alikuwa Mama Tekla. Nikasimama, nikamwomba nimuulize swali. Akatua mkungu wake taratibu, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Geuka kwanza, mwalimu," akasema. "Nisome leo umekuja kuuliza au umekuja unajua."