Marehemu Alipotuomba Kura ya Useneta

Wiki moja kabla ya uchaguzi wa Kenya nilikuwa kwenye foleni ya duka la kusafirisha mizigo hapa mtaa wa Naif, Dubai, ambalo sisi watu wa kaunti moja hupenda kulitumia. Mbele yangu alisimama dada mmoja, mlinzi wa maghorofa, bado amevaa sare. Laini yake ya Kenya ikaita, akaiweka spika.

"Ndugu yangu," ikasema sauti ya mwanamume, "naomba kura yako ya useneta. Usiniache peke yangu."

Dada akaisogeza simu mbali na uso. "Si huyu ni yule mgombea wetu aliyezikwa Jumamosi?"

"Ni rekodi," akasema karani. "Watu wake wa kampeni wamesahau kuzima mashine yao ya kupiga simu. Khalas, imetosha, kata."

Jamaa mwenye katoni nyuma yangu akaanza kucheka. Simu yake ikaita. Halafu yangu. Kabla hatujapokea, sauti ileile ikatoka mifukoni mwetu, kila moja ikiwa nyuma kidogo ya mwenzake.

Dada hakukata. Aliinama, akaiambia simu polepole, kama anayemsemesha mgonjwa: "Pole, mheshimiwa. Huku Dubai tunapewa karatasi ya kura ya rais tu. Ya seneta hatupewi."

"Asante," ikasema sauti. "Nilijua utanisikiliza."

Hakuna aliyecheka tena.

Nyumbani seneta huchaguliwa na wananchi wenyewe, na mimi nina kitambulisho cha mwananchi. Miaka tisa nimekaa huku, na hakuna mgombea aliye hai aliyewahi kuniomba kura hiyo.