Marahaba ya Asubuhi

Binti yangu alikuwa hajaniamkia kwa miaka mingi. Tulipohamia huku ughaibuni, Guildford, alikuwa mdogo, akimwamkia kila mtu mzima aliyekatiza mbele yake, hadi dereva wa basi. Shule ikamnyoosha, akaacha. Kiswahili akakibakiza masikioni: naongea, anaelewa, ananijibu kwa Kiingereza. Nilinuna, nikasema weee, mwisho nikachoka.

Ini langu bovu ndilo lililoirudisha shikamoo nyumbani kwetu.

Ini likizidiwa, sumu liliyopaswa kuichuja hupanda kichwani, na mtu huanza kupotea taratibu. Anaweka viatu kwenye friji, anasahau swali kabla ya kulijibu. Muuguzi wa kliniki alimwambia binti yangu anipime kila asubuhi kwa jambo ninalolijua bila kufikiri. Wagonjwa wengine huulizwa tarehe. Yeye alichagua la kwake. Kesho yake alisimama mlangoni na sare ya shule, akasema, "Shikamoo, Mama." Nikaitikia marahaba papo hapo, machozi yakinilengalenga. Akaridhika, akaondoka kuwahi treni. Siku nikichelewa kuitikia, ananimiminia ile dawa ya maji, tamu hadi kero, ambayo hunikalisha chooni nusu siku ili sumu initoke.

Mengine niliyazoea kwa kulalamika. Tumbo linajaa maji, wanayanyonya kwa sindano, linajaa tena. Ngozi inaniwasha hadi najikuna kwa kitana. Chumvi nimepigwa marufuku, kwa hiyo mchicha wangu una ladha ya maji ya kunawa. Wenzangu niliofanya nao kazi ya kutunza wazee huja Jumapili baada ya kanisa na kuniambia subira yavuta heri. Naitikia kwa adabu, lakini moyoni nasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nangoja simu ya hospitali kwamba limepatikana ini la kunipandikiza, na ili simu hiyo ilie, lazima kwanza pawe na msiba katika nyumba nyingine. Jambo kama hilo sijui hata namna ya kuliombea.

Na anayengoja ini haendi mbali na hospitali. Hata kwenda kulala Rooty Hill kwa rafiki yangu, safari fupi tu ya treni, naaga hospitalini kwanza, sembuse Morogoro. Mama yangu yuko huko, amezeeka, macho yamepungua nguvu. Kila akipiga simu anauliza, "Utakuja lini?" Namwambia karibuni, na sijui ni nani kati yetu atakayetangulia. Namtamani kama mtoto aliyeachwa sokoni. Nataka nipige goti sakafuni kwake, nimwamkie, anishike kichwa kwa mikono miwili na kuitikia ile marahaba yake ndefu inayoishia na mwanangu. Kwenye simu huwa inafika nusu.

Mwanzoni mwa majira ya baridi niliamka asubuhi moja bila maumivu yoyote. Nakumbuka harufu ya mkaa unaowashwa uani, na mama amesimama mlangoni, mwanga nyuma yake. Sikumbuki zaidi ya hapo. Yaliyobaki nilisimuliwa na binti yangu hospitalini, akili iliponirudia.

Alisema aliniamkia, nikamtazama tu. Akarudia. Ndipo niliposhuka kitandani, nikapiga goti kwenye zulia na tumbo langu lote, nikamwambia yeye, "Shikamoo, Mama."

Nikamuuliza akafanya nini. Akasema aliita ambulensi. Kisha akaanza kuchezea mkanda wa begi lake.

"Kwanza nilikujibu," akasema. "Nilisema marahaba, mwanangu. You looked so happy, Mum."

Nilimuuliza kama alinishika kichwa. Akashtuka, akataka kujua nimejuaje.

Niliona aibu kumgeuza mtoto wangu kuwa bibi yake. Lakini aibu haikukaa, na kilichobaki ni wivu. Hadi leo namwonea wivu yule mgonjwa wa asubuhi ile, kwa sababu yeye alifika nyumbani, akapiga goti, akapokelewa. Mimi mwenye akili zangu bado niko Guildford. Binti yangu husimama mlangoni kila asubuhi, ananiamkia, nami nawahi kuitikia ili asije akalazimika kunipokea tena.