Pweza Alisema Karibu

Nilipomaliza chuo kikuu nilirudi Kilwa Kivinje kusubiri ajira, nikakaa kwa shangazi yangu, na kwa shangazi televisheni ni mali ya watoto. Kila alasiri wakishatoka madrasa walijaa sebuleni, wa kwake na wa jirani, kutazama katuni moja iliyotengenezwa na watu wa Dar es Salaam. Ilihusu marafiki watatu wanaoishi kwenye mikoko, Kaa, Kasa na Shakwe, pamoja na adui yao Pweza. Nilitazama nao kwa sababu sikuwa na pa kwenda. Msimu wa kwanza Pweza aliiba mayai ya kasa, akapigwa. Msimu wa pili akaiba taa za wavuvi, akapigwa. Siku moja nikauliza kwa sauti: kwa nini huyu hashindi hata mara moja? Na kama anajua atapigwa, anaiba kwa nini?

"Dada, tazama au toka," binamu yangu wa darasa la nne akaniambia bila kugeuka.

Shangazi akacheka kutoka jikoni. "Mwacheni. Huyo siku yake ikifika, atamdai Ziraili kitambulisho."

Swali halikunitoka. Nikawaandikia watengenezaji wa katuni ujumbe mrefu na wenye kero, nikiorodhesha kila kisichoingia akilini. Nilitegemea kimya. Akanijibu mtunzi wao mwenyewe. Alisema wamekuwa wakifikiria kuigeuza katuni iwe mchezo wa mezani, wa kuigiza, lakini hakuna kati yao aliyejua pa kuanzia. "Wewe unaonekana huamini chochote," aliandika. "Labda utatufaa."

Ni mchezo wa aina gani, shangazi aliniuliza, na nikamweleza kama ninavyoeleza hapa. Hauna ubao wala vipande vya kusogeza. Kila mtoto anakuwa mhusika mmoja, anasema anachotaka kufanya, na jambo likiwa gumu anatupa dadu kuona kama amefaulu. Mtu mmoja anasimamia. Huyo anasema kilichotokea, na anakuwa wahusika wote waliobaki, samaki, upepo, na adui. Watoto walimwita refa, na refa ni mimi.

"Kwa hiyo umesomeshwa mpaka digrii," shangazi akasema, "uje uwe pweza."

Nilisoma takwimu, na nilijivunia dadu kuliko hadithi. Dadu haina ndugu. Kwenye katuni Pweza alipigwa kwa sababu mwandishi alitaka apigwe. Kwenye mchezo wangu angepata haki. Nilitupa dadu peke yangu sebuleni wiki nzima, nikipunguza nguvu za Kaa, nikiongeza za Pweza, mpaka mapambano yao yakawa ya kweli, kila mmoja akiweza kushinda na kushindwa. Hadithi yenyewe niliichukua kwenye msimu mpya bila kuijali sana. Pweza ameingia katika pango ambalo maji ya bahari hupitia yakienda kwenye mikoko, akalijaza tundu lake kwa mwili wake kama kizibo cha chupa. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, hayafiki tena. Mikoko inakauka. Watoto waende, wapigane naye, wamtoe.

Mtunzi alipopiga simu kusema anakuja, sauti yake haikuwa na furaha. Wenzake walikuwa wameuchoka mradi. Walisema watoto wa sasa hawawezi kukaa chini wakasikilizana, na televisheni ikiwashwa tu watakimbia. Angekuja kuona mchezo mmoja, mara moja. Watoto wakifika mwisho wakiwa bado wanautaka, utachapishwa. Wakichoka katikati, utafungiwa hapo hapo. Nilimwambia hiyo si njia ya kupima kitu, sampuli moja haisemi lolote. Akasema, "Najua. Ndiyo niliyopewa."

Alifika Jumamosi, mtu wa makamo, mpole, shati limeloa jasho mgongoni. Watoto watatu walikuwa wameketi mkekani barazani, wakiwa bado na kanzu na hijabu za madrasa: binamu yangu, ambaye alikuwa Shakwe, na ndugu wawili wa nyumba ya pili, kaka na dada yake mdogo. Kaka alikuwa Kaa kwa sababu ya magando. Dada alichukua Kasa kwa sababu hakuna mwingine aliyemtaka. Wakampa mgeni shikamoo kwa pamoja, akaitikia marahaba, na walipoambiwa kuwa ndiye aliyemtengeneza Pweza wakamkodolea macho kama askari wanaomtazama mshitakiwa.

Mwanzo ulikwenda vibaya. Kaa alitaka kupigana na kila kitu, hata na jiwe. Shakwe alitupa dadu nje ya mkeka, wakagombana kama ihesabiwe. "Refa kabeba!" Kaa akalalamika nilipokataa. Mtunzi alitazama saa yake. Niliona, nikaanza kuamini kwamba wenzake walikuwa sahihi na kwamba kazi yangu yote ilikuwa ya kuwafundisha watoto kugombana kwa utaratibu.

Ndipo wakafika pangoni. Nikawaeleza giza lake, na mikono minane inayosikika ikijikunja ndani. Nikawakumbusha njia tatu zilizomo kwenye kanuni: kuvamia, kunyemelea, au kumghilibu atoke. Nikainama kuchukua kadi ya Pweza iliyoandikwa nguvu zake.

Yule binti aliyekuwa Kasa akagonga sakafu kwa kiganja mara tatu.

"Hodi!"

"Karibu," nikasema.

Sikufikiri. Macho yangu yalikuwa kwenye kadi. Neno lilinitoka kama linavyomtoka kila mtu aliyekulia pwani hii, hata usingizini, hata akiwa na hasira. Nilipoinua kichwa watoto wote walikuwa wananitazama.

"Kasema karibu," binamu yangu akanong'ona.

"Hapana," nikasema, "huyo nilikuwa mimi. Si Pweza."

Kaa akakunja uso kama hakimu. "Refa, wewe unakaa pangoni?"

"Sikai."

"Hodi imepigwa wapi?"

"Pangoni."

"Basi aliyejibu nani?"

Nimepita mitihani migumu, nimebishana na wahadhiri, lakini hapo nilishindwa na mtoto mwenye kanzu. Nikajaribu njia nyingine. Nikasema Pweza ni mwovu, hana adabu, anaweza kusema karibu halafu akawala.

"Mgeni haliwi," binti akasema. Hakubisha, alinipa taarifa tu. Halafu akatambaa kwa magoti mpaka katikati ya mkeka, taratibu, kama kasa, na wenzake nyuma yake, na akaniangalia mimi, mimi hasa, akasema, "Shikamoo, babu."

Nilikuwa na dadu mkononi. Kanuni zangu zilinipa ruhusa ya kushambulia kwanza, na Pweza niliyemtengeneza angeweza kushinda. Nilikuwa nimemjalia hivyo kwa hesabu. Nikamtazama mtunzi. Alikuwa ameacha kutazama saa yake.

"Marahaba," nikasema, na sauti iliyonitoka ilikuwa nzito, ya kizee, sikuwa nimeiandaa.

Kuanzia hapo sikuusimamia mchezo, niliufuata. Wakaniuliza habari za hapa. Nikasema nzuri. Wakaniuliza habari za afya, na nikajikuta nasema mikono miwili inauma kwa baridi ya humu. Kaa akasema pole. Hakuna aliyetaja maji. Niliwasubiri wataje nipate pa kugombana, hawakutaja. Mgeni hamwagi shida yake mlangoni. Nikawakaribisha chakula, na Shakwe akamminya Kaa kiunoni, akanong'ona.

"Chakula gani, na humu chakula ni sisi?"

"Tumeshiba, babu, Mungu akuzidishie," binti akasema haraka, na barazani wakaangua kicheko, na shangazi aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko akacheka kuliko wote.

Pweza naye alianza kusema mambo ambayo sikuyajua. Alisema huku kwenye tundu kuna joto kidogo. Alisema watu wakimwona hukimbia au huchukua mkuki. Nilikuwa nikiyasikia mimi pia kwa mara ya kwanza, na swali langu la siku zile, anaiba kwa nini kama anajua atapigwa, lilikaa mbele yangu lenyewe, likiwa na pumzi. Kila akiiba, kuna anayemfuata, hata kama ni kwa kumpiga. Sikuwa nimelitafuta jibu hilo. Sijui lilitoka wapi, na mimi si mtu wa kusema sijui kwa raha.

Binti akawatazama wenzake, akajikung'uta magoti. "Babu, sisi tunaaga. Kwetu mbali."

"Haya, wanangu," nikasema. "Karibuni tena."

Hawakuondoka. Wakasimama ukingoni mwa mkeka wakinitazama. Binti akainamisha kichwa upande mmoja.

"Hutusindikizi?"

Na mimi nikasimama. Naapa sikuona kilichokuwa kinakuja. Nilivaa ndala, nikashuka nao ngazi ya baraza, nikatembea kando yao uwanjani kama ambavyo mama alitembea na wageni wake, na bibi na wa kwake, nikiwauliza watapita njia gani, nikiwatuma salamu kwao. Tulipofika kwenye mkorosho wa jirani Kaa akageuka nyuma, akatazama mkeka mtupu, na uso wake ukafunguka polepole.

"Katoka," akasema. Halafu akapiga kelele ambayo waliisikia mpaka sokoni. "Pweza katoka! Tundu wazi! Maji yanapita!"

Nilisimama pale juani nikiwa na mikono minane na sina pango. Nyuma yangu bamvua lilikuwa linaingia kwenye mikoko, nalisikia, mimi nisiyeamini kitu, nalisikia likinguruma kwenye uwanja mkavu wa mchanga ambao kuku walikuwa wanauparua. Hakuna aliyetupa dadu. Hakuna kanuni niliyoandika ambayo ingeweza kumtoa Pweza bila damu, na watoto watatu walikuwa wamemtoa kwa adabu, kwa maneno ambayo nimeyasikia kila siku ya maisha yangu na sikuwahi kudhani yana uzito wowote. Nilidhani ni desturi tu. Nilikuwa na tabia ya kusema hivyo, desturi tu.

Mtunzi alikuwa amesimama pia, barazani. Nilipomfikia alikuwa anasema peke yake. "Nimemchora misimu yote hii," alisema. "Sikuwahi kumchorea mlango."

Nikamwuliza kama hiyo inahesabika kuwa mwisho, maana hapakuwa na mapambano, na katuni yake huishia kwa mapambano. Kabla hajajibu, watoto walikuwa wamerudi mkekani wenyewe, bila kuitwa, na walikuwa wanagombana upya.

"Sasa babu atalala wapi?" Ni binti.

"Alale huko huko, si mwizi?" kaka yake akasema.

"Maji yanapita kwa nguvu humo. Hawezi kurudi."

"Shauri yake."

"Katukaribisha, sisi tumemchukulia nyumba! Wewe ungependa?"

Kaa alichezea ncha ya mkeka. Ushindi wake wa dakika iliyopita ulikuwa umepata kivuli, na niliona kwamba hakuupenda mkeka wala hakunipenda mimi kwa wakati ule, lakini hakuinuka.

"Tumpeleke kwetu mikokoni," binamu yangu akajaribu.

"Atule?"

"Mgeni hali wenyeji," Kaa akasema, kisha akasita. "Au anakula? Refa?"

Ndipo wimbo wa katuni ukaanza. Nyumba ya jirani walikuwa wamewasha televisheni, na ulikuja kwa sauti ya juu kupita dirishani, ngoma na filimbi, ule ambao kwa kawaida huwatoa watoto hata chooni. Mtunzi akageuza kichwa. Ni wimbo wake. Nikawatazama wale watatu nikisubiri magoti yainuke.

Binti akageukia dirisha kwa hasira.

"Punguzeni huko! Hatusikilizani!"

Kisha wakanitazama wote, na mtunzi akachuchumaa ukingoni mwa mkeka, akanitazama naye, kama wao tu.

"Pweza anasemaje?" akauliza.