Ndovu wa Idi

Baridi yangu kubwa ni ya mvua za Kisauni, na mlima mrefu niliowahi kuupanda ni ngazi za nyumba yetu. Lakini juzi Bi Rukia wa Ziwa la Ng'ombe alipoingia ofisini kwetu kupanga safari ya kupanda Kilimanjaro kisha kutazama wanyama, wallahi ulimi ulinitangulia.

"Shikamoo, mama. Umefika kwa mwenyewe."

"Marahaba, mwanangu. Kwani wewe umeshapanda?"

Nikamwonyesha picha niliyoitundika ukutani kuvutia wateja: mimi, theluji nyuma yangu, ndovu kando yangu. Nikamshauri aanze na mlima, ndipo akapumzishe miguu kwa wanyama. Alipouliza habari za baridi, nikamtetemekea palepale ili aelewe.

"Na ndovu hakukudhuru?"

"Tulizoeana."

Akavaa miwani, akaisogelea picha. Kisha akatoa simu, akanionyesha wajukuu zake wamevaa nguo za Idi, nyuma yao theluji ileile, kando yao ndovu yuleyule.

"Mpole kweli," akasema. "Hata upepo ulipolipeperusha pazia alilochorwa juu yake, pale uwanjani Frere Town, hakukimbia."