Mwanamke Aliyejibu Zero

Saa moja asubuhi, katika kambi ya waliokimbia vita pembeni mwa mji wa Bunia, Martine Ngave anapiga goti na kubonyeza kidole gumba juu ya mguu wa Divine, mwenye mimba ya miezi minane. Anaondoa kidole. Nyama inarudi haraka, haiachi shimo: mguu haujavimba.

"Hii iko muzuri," anamwambia. "Sasa twende kule nyuma, tuongee siye wawili."

Ndipo anapotoa fomu. Ina maswali kumi na manane. Nusu ni ya mwili: kichefuchefu, mgongo, kichwa, miguu. Nusu ni ya moyo: hofu, kilio, usingizi. Kila jibu lina namba, kuanzia zero, yaani hakuna shida, mpaka tatu, yaani haivumiliki.

Martine, 43, ni mhudumu wa kituo kimoja cha afya huko Shari, karibu na Bunia. Alikuwa mkulima huko Djugu, kaskazini mwa Bunia, hadi kijiji chao kilipochomwa. Kwa siku hutembelea wajawazito wanane, kwa miguu. Bunduki zimenyamaza miezi kadhaa sasa, lakini pikipiki ikitoa mlio kama wa risasi, wanawake bado husimama na kushika watoto.

Zamani hakuanza na mguu. Alianza na fomu, akaandika alichoambiwa, kama alivyofundishwa. Mwaka jana alimkuta Abigaël, 24, mimba ya miezi saba, akimenya mihogo pamoja na majirani.

"Mugongo inakuuma?"

"Zero, yaya," alijibu, akimwita dada mkubwa.

"Kichwa?"

"Zero."

"Woga?"

"Zero."

Ikawa zero kumi na nane. Martine aliona miguu imevimba na kujaa kandambili za mumewe. Aliona pia anavyokunja uso kwa mwanga wa jua. Aliandika zero, akaondoka. Wajawazito watano walikuwa bado wanamngoja.

Siku tisa baadaye, Abigaël alianguka akitetemeka mwili mzima. Alifika hospitali hajitambui, kwa kifafa cha mimba kinacholetwa na presha. Yeye alipona. Mtoto, wa kike, alizaliwa amekufa.

Martine alipokwenda kumwona, alimkuta ameelekea ukutani.

"Juu ya nini haukuniambia?"

Abigaël alisema bila kugeuka: "Yaya, nilizika watoto wangu wawili Djugu, siku moja. Ile ndiyo ninaita maumivu. Kichwa nilipima na ile, nikaona ni zero."

Martine aliketi kitandani, akamshika mgongo hadi alipolala.

Muuguzi mkuu wa kituo, Donatien, alimwambia hana kosa. "Uliandika vile alisema."

"Ni kweli," anasema Martine. "Lakini macho yangu iliona ingine."

Tangu hapo aliomba mashine ya kupima presha mpaka akapewa. Mwaka huu amepeleka wanawake saba hospitali. Wawili kati yao walikuwa wamejibu zero.

Sasa anataka chumba. Mkuu wa kambi amempa kipande cha ardhi nyuma ya kanisa, na wanaume wawili wamekubali kukata miti. Mabati bado. Mlango ameshauagiza kwa seremala, kabla hata ya kuta.

"Pale kwenye hema kila mutu anasikia," anasema. "Mimi nataka mama aingie, afunge mulango, alie. Akimaliza kulia, ndiyo nitamuuliza."